Umemgonga mbwa au paka wa watu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiendesha gari au pikipiki kila siku katika mitaa yetu, iwe Mbezi, Nyegezi, Nyali au Kitengela, mnyama atakatiza mbele yako mara nyingi tu. Kwa kawaida breki hukuokoa. Siku nyingine hazikuokoi, na kabla hujashusha pumzi una mnyama anayelia chini, gari lililosimama vibaya, na mwenye mnyama anayekuja mbio kwa hasira. Majibu haya yanahusu mbwa na paka wanaofugwa, Tanzania na Kenya, na yanakaa zaidi kwenye ile hasira, maana ndiyo inayowashinda madereva wengi. Mimi naendesha, na nyumbani nafuga mbwa. Pande zote mbili nazielewa.

Nimemgonga sasa hivi. Nianzie wapi?

Simama. Washa indiketa za pande zote mbili, sogea pembeni ukiweza, na weka pembetatu nyuma ya gari, hasa kama ni usiku au ni barabara kuu. Ajali ya pili, ya mtu kugongwa akiwa amesimama barabarani anamtazama mbwa, ndiyo inayoua watu.

Lakini kabla hujalisogeza gari, inama utazame chini yake. Mnyama aliyeumia, paka hasa, hutafuta mahali penye giza ajifiche, na mara nyingi giza la karibu ni kati ya matairi yako mwenyewe.

Kisha hakikisha abiria wako wako salama, na tazama kama kuna mwendesha bodaboda aliyeanguka nyuma yako kwa kukwepa breki zako. Mnyama anafuata baada ya watu.

Sheria inanilazimisha kusimama kwa ajili ya mbwa?

Kenya jibu liko wazi. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka dereva asimame pale ajali inapomdhuru mtu, gari, jengo au mnyama, na atoe jina na anwani yake akiombwa na mwenye haki ya kuomba. Kama hakutoa, aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24.

Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, nayo inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame na kutoa taarifa. Mimi ningesimama hata kama sheria isingekuwepo. Ukikimbia, aliyekuona ataisimulia habari yako bila wewe kuwepo, na katika masimulizi hayo ulikuwa unakwenda mia na ishirini huku unacheka na simu.

Mbona mwenye mbwa ana hasira hivi? Si ni mbwa tu?

Sentensi hiyo usiitamke. Katika ugomvi wa namna hii niliouona au kusimuliwa, maneno "ni mbwa tu" yamewasha moto kuliko hata ajali yenyewe.

Fikiria mbwa huyo anafanya nini pale nyumbani. Kwa familia nyingi ndiye mlinzi wa usiku, na hana mshahara. Nyumba isiyo na ukuta, yenye kuku watano na baiskeli moja, inalala kwa amani kwa sababu yake. Kwa mjane anayeishi peke yake, ndiye anayempokea akirudi sokoni. Kwa mtoto, ndiye wa kwanza kuambiwa siri. Paka naye analinda gunia la mahindi lisiliwe na panya, na anajua kiti anachopenda bibi. Wewe umeona kitu cha kahawia kikikatiza. Yeye ameona aliyemlea tangu hajafumbua macho.

Kwa hiyo kinachokujia kimevaa hasira, ila ndani yake ni msiba. Aliyefiwa ghafla hutafuta wa kumlaumu, na aliyeko pale ni wewe. Ukijibu hasira utagombana na mtu usiyemjua mbele ya umati. Ukijibu msiba, mara nyingi hasira inashuka yenyewe.

Nilishuhudia tukio moja Mbezi. Pikapu ilimgonga mbwa, akafia palepale kwenye mchanga wa pembeni, sikio moja limekunjika. Mama mmoja akatoka akipiga kelele. Dereva hakushuka. Alishusha kioo, akaweka kiwiko dirishani, akamnyoshea noti ya shilingi elfu kumi aliyoishika kwa vidole viwili. Yule mama hakuitazama noti. Vijana wa kijiweni ndio waliosimama, mmoja akaenda kusimama mbele ya bampa ili pikapu isitoke.

Aliyeituliza hali hakuwa dereva. Ni abiria wake, mama mtu mzima, aliyefungua mlango wa upande wa pili, akashuka, akainama pale chini na kusema, "Pole mwanangu. Pole sana." Hakusema lingine. Yule mama mwenye mbwa akavua kanga yake ya juu, akamfunika mbwa, na kelele zikageuka kilio. Ndipo dereva naye akashuka, noti ikiwa imesharudi mfukoni, na mazungumzo yakaanza. Siku hiyo walimalizana bila polisi.

Sasa nimwambie nini?

Shuka kwanza. Mtu hapewi pole kupitia dirisha la gari. Vua miwani ya jua, zima redio, weka simu mfukoni. Kisha sema mambo machache kwa sauti ya chini:

"Mama, pole sana. Ni mimi niliyemgonga. Alikatiza ghafla nikajaribu kufunga breki. Tumpeleke kwa daktari?"

Kwa mzee utasema "mzee wangu" au "baba", kwa kijana wa rika lako "kaka" au "dada". Kama umemkuta nyumbani na si palepale barabarani, piga hodi na usalimie kama unavyosalimia msibani: shikamoo kwa aliyekuzidi umri, halafu ndipo utoe habari. Usirushe habari mlangoni.

Akikutukana, mwache amalize. Usimkatize kwa kusema "lakini mbwa wako hakufungwa". Hata kama ni kweli, na mara nyingi ni kweli, dakika hiyo si ya neno hilo. Litakuja wakati wa kuzungumza nani alipaswa kufanya nini. Pesa nazo zisubiri. Ukianza na pesa umemwambia kwamba unanunua njia ya kuondoka.

Nikisema "pole" au "nisamehe", si nitakuwa nimekiri kosa?

"Pole" haikiri lolote. Kwetu anaambiwa pole aliyefiwa, aliyejikwaa, hata aliyerudi kazini amechoka. Sema kwa moyo wote.

Epuka tu maneno yanayoamua kesi kabla haijazungumzwa: "nilikuwa nakimbia sana", "sikuwa natazama", "nitalipa kila kitu". Kama kweli ulikuwa kwenye simu, sikushauri useme uongo. Polisi wakikuuliza, jibu ukweli. Ila pale barabarani, mkiwa wote mnatetemeka, eleza kilichotokea bila kujihukumu wala kumhukumu mwenzako.

Watu wamenizunguka na wanatishia kunipiga. Nisimame hapohapo?

Hapana. Wote tumesoma habari za "wananchi wenye hasira kali", na hakuna mbwa wala gari linalostahili maisha ya mtu. Ukiona mawe yameokotwa au gari linatikiswa, ondoka taratibu bila kumgonga mtu, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu, na ujieleze mara tu unapofika: umetoka wapi, nini kimetokea, kwa nini hukubaki. Hakikisha taarifa imeandikwa na umepewa namba yake, RB kwa Tanzania au OB kwa Kenya. Namba hiyo ndiyo itakayokutofautisha na dereva aliyekimbia. Simu ya dharura ya polisi ni 112 Tanzania. Kenya ni 999 au 112.

Kabla hali haijafika huko, tafuta mtu mmoja mwenye heshima pale: mzee, mwenye duka, kiongozi wa kijiwe cha bodaboda. Mwombe amwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe. Kenya ni mzee wa mtaa au chifu. Umati hubadilika pale mtu wanayemjua anapoanza kuuliza maswali kwa utaratibu.

Mnyama bado yuko hai. Namsaidiaje?

Mkaribie polepole, kwa upande, ukizungumza kwa sauti ya chini. Mbwa mpole kuliko wote atauma akiwa na maumivu, na atamuuma hata mwenyewe. Kama mwenyewe yupo, yeye ndiye amshike kichwa.

Funga mdomo wa mbwa kwa kitambaa kirefu kilichofungwa kwa wepesi, isipokuwa kama anatapika, anahema kwa shida au damu inamtoka puani. Paka mfunike taulo au khanga mwili mzima, kisha mwinue akiwa ndani yake. Kwa mbwa mkubwa tafuta kitu bapa: ubao, mlango wa kabati, hata turubai lililoshikwa pembe nne. Usimwinue kwa miguu, maana uti wa mgongo huenda umevunjika. Damu inayotoka, igandamize kwa kitambaa safi na usifunuefunue kutazama.

Mfunue mdomo kidogo uone fizi, kama anakubali. Fizi nyeupe au zilizopauka ni dalili kwamba damu inavuja ndani au mwili umeingia mshtuko, na hapo hakuna kusubiri. Paka anayehema mdomo wazi naye ni wa haraka.

Usimpe maji, maziwa wala chakula. Na tafadhali, usimpe dawa ya binadamu. Panado kidonge kimoja kinaweza kumuua paka. Diklofenaki na ibuprofeni zinaharibu tumbo na figo za mbwa. Watu hufanya hivi kwa huruma, na mnyama ambaye angepona anakufa kwa dawa.

Ameinuka na kukimbia. Basi amepona?

Si lazima. Hofu humpa mnyama nguvu ya kukimbia akiwa na kibofu kilichopasuka au damu inayojaa kifuani, na hufa saa kadhaa baadaye akiwa amejibanza mahali. Mweleze mwenyewe hivyo, amtafute na ampeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima. Mtu akijua kwamba ulirudi kumwambia hili, anakutazama kwa jicho lingine.

Daktari wa mifugo nitampata wapi, tena usiku?

Uliza kwanza mwenye mnyama, huenda ana wake. Tanzania kila mtu anajua "bwana mifugo" wa kata yake, na namba yake ipo kwa mtendaji. Morogoro kuna hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Nairobi kuna kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, na shirika la kutetea wanyama, KSPCA. Dereva anayepita njia moja kila siku ahifadhi namba ya daktari mmoja wa mifugo kwenye simu yake leo, kabla hajaihitaji.

Mimi ni Muislamu na aliyegongwa ni mbwa. Naruhusiwa kumbeba?

Swali hili nimeulizwa na madereva wa Tanga na Mombasa, na linauma, kwa sababu mwenye mbwa hutafsiri kusitasita kwao kuwa ni dharau.

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito na mahali yalipogusa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo ni namna ya kujitwaharisha. Haimaanishi kumwacha akiteseka. Vaa mifuko ya nailoni mikononi, mtandike kwenye gunia au turubai, mbebe, ukaoshe baadaye. Mkono mkavu ukigusa manyoya makavu hakuna kinachohama. Na kuna hadithi sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe.

Ukishindwa kabisa, mwambie mwenye mbwa waziwazi kwa adabu: "Ndugu yangu, mimi kwa dini yangu kumgusa ni vigumu, lakini gari ni hili, mlaze nyuma twende." Nani atakuona na dharau ukisema hivyo? Paka si najisi, kwa hiyo hapo swali halipo.

Ameniuma nilipokuwa namsaidia.

Osha kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa, lakini chanjo ikianza mapema inazuia. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya breki.

Mbwa aliyeuma na akabaki hai kwa kawaida huangaliwa siku 10. Huyu wa ajali anaweza kufa usiku huohuo kwa majeraha, na hapo huwezi kusema alikuwa mzima, kwa hiyo usisubiri. Muulize mwenyewe kadi ya chanjo, na mjulishe bwana mifugo kabla mzoga haujazikwa. Kumbuka pia kwamba mbwa aliyekuwa akizunguka katikati ya barabara kama amelewa, haogopi honi, huenda alikuwa mgonjwa kabla hujamgonga.

Anateseka mno na hatapona. Tummalize wenyewe?

Hapana. Uamuzi ni wa mwenye mnyama akishauriwa na daktari, na daktari ana sindano inayomlaza bila maumivu. Kumpiga jiwe au kumpitia tena kwa tairi ni ukatili hata ukiuita huruma, na sheria zinazolinda wanyama zipo: Tanzania ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, Kenya ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Ukifanya hivyo mbele ya mwenyewe, usitarajie suluhu.

Kosa ni la nani hasa, langu au la aliyemwacha mbwa azurure?

Hakuna jibu la moja kwa moja, na yeyote anayekuambia "dereva ndiye hukosa" au "mnyama barabarani hana haki" amerahisisha. Kinachotazamwa ni kama kila mmoja alichukua tahadhari ambayo mtu makini angechukua.

Kwa dereva: mwendo, mwanga, mahali. Tanzania na Kenya kikomo ndani ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde, na dereva hutumia kama sekunde moja kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 80 ni mita 22. Kwa hiyo mbwa aliyetokea mita 10 mbele hakwepeki hata na dereva bora. Aliyelala katikati ya barabara mchana kweupe, anayeonekana tangu mbali, anakwepeka, na hapo dereva ana la kujibu.

Kwa mwenye mnyama: geti lilikuwa wazi? Mbwa huachiliwa kila siku kando ya barabara ya lami? Haya ni maswali ya haki, na mwenye mbwa mkweli atayakubali siku ya pili au ya tatu.

Je, si afadhali ningemkwepa?

Kufunga breki kwa nguvu ukishikilia njia yako, sawa. Kukata usukani ghafla, hapana. Ndivyo magari yanavyopinduka, yanavyoingia upande wa basi linalokuja au kuwafuata watembea kwa miguu. Usijilaumu kwa kutokukata usukani.

Anadai shilingi laki tano kwa mbwa wa kienyeji. Nilipe?

Sheria humtazama mnyama kama mali. Fidia kwa kawaida huzungumzwa kwa thamani yake sokoni na gharama za matibabu, na hapo ndipo maumivu yanapoongezeka, maana mbwa wa kienyeji sokoni ana bei ndogo na moyoni mwa mwenyewe hana bei. Usimkumbushe bei ya sokoni. Muulize alitumia nini: chanjo, chakula, daktari wa leo. Hesabu ya vitu vilivyotumika inazungumzika.

Ushauri wangu ni kwamba gharama ya daktari uichangie hata kama unaamini huna kosa, kama mfuko unaruhusu. Kuhusu fidia ya kifo, kaeni na mwenyekiti wa mtaa au chifu, kesho yake, si palepale. Mkikubaliana andikeni: majina, tarehe, mahali, namba ya gari, kiasi, saini zenu na za shahidi, na sentensi inayosema madai yamekwisha. Lipa kwa simu ili ibaki kumbukumbu. Hela ya mkononi bila karatasi inaweza kurudi wiki ijayo ikiwa na kaka mtu aliyetoka safari na haridhiki.

Mkishindwana, mwambie kwa heshima aende mahakamani. Hilo si tishio. Ndiyo njia yake.

Bima italipa?

Soma karatasi yako. Bima ndogo, ile ya lazima, kiini chake ni watu wengine unaowadhuru. Mikataba mingi inaongeza mali za wengine, na mnyama huingia hapo. Bampa na rejeta yako hailipi. Kwa hayo unahitaji bima kubwa, na watakudai taarifa ya polisi, kwa hiyo ripoti hata kama mmeelewana.

Mimi ni wa bodaboda. Mbwa ameniangusha, nimeumia na abiria wangu pia. Bado niombe radhi?

Wewe nenda hospitali. Tanzania pitia polisi upate PF3, ile fomu ya polisi ya kupeleka hospitali, lakini kama damu inatoka tibiwa kwanza. Una haki ya kumdai mwenye mbwa aliyemwachia barabarani, kwa ushahidi: picha, mashahidi, risiti. Pole mtapeana nyote.

Na mbuzi, kuku au ng'ombe?

Mifugo ni riziki, na hasira yake ina hesabu ndani: ada ya shule ilikuwa imesimama kwa miguu minne. Bei inajulikana mnadani, kwa hiyo makubaliano huwa mepesi. Mbuzi akiwa bado anapumua, watu hukimbilia kisu, na kwa Waislamu Kurani imeruhusu aliyewahiwa kuchinjwa kabla hajafa. Afisa mifugo aitazame nyama kabla haijaliwa. Na kama umelipa bei kamili, semeni mapema nyama ni ya nani. Nimeona watu waliokubaliana bei wakakosana kwa paja.

Wanyamapori ni habari nyingine kabisa. Ukipita Mikumi umeshaona ubao wenye tozo ya kila mnyama. Pale unaripoti kwa askari wa hifadhi, hakuna mazungumzo ya pembeni.

Nilikimbia jana. Sijalala. Nirudi?

Rudi. Nenda na mtu mzima mmoja, mchana, kupitia kwa mwenyekiti wa mtaa kama unaogopa. Kama hujaripoti polisi, ripoti kwanza. Sema: "Mimi ndiye niliyepita jana jioni. Niliogopa. Nimekuja kutoa pole." Utasemwa, vumilia. Wenye wanyama niliozungumza nao wanasema kilichowaumiza zaidi ni kutokujua: alikufa vipi, aliteseka, kuna aliyesimama? Majibu hayo unayo wewe peke yako.

Mwenyewe hapatikani.

Tazama mkanda wa shingoni. Uliza nyumba mbili tatu, dukani na kijiweni. Acha namba yako kwa mwenye duka. Mzoga utoe katikati ya barabara kwa koleo au mfuko, ili gari lingine lisije likayumba usiku.

Ameweka picha ya gari langu na namba yake kwenye grupu la mtaa, ananiita muuaji.

Usijibu kwa matusi wala kwa maelezo ya kurasa tatu. Andika mara moja: wewe ndiye dereva, unatoa pole, umeripoti kwa namba fulani, na uko tayari kuonana naye. Kisha mpigie au nenda. Mwombe admini afute namba ya gari mkishaelewana. Tunza picha za skrini iwapo kuna vitisho, uzipeleke polisi.

Mtoto wake aliona kila kitu. Nifanyeje?

Chuchumaa mwongee mkiwa sawa kwa urefu, kwa ruhusa ya mzazi. Mwambie ukweli mfupi: nilimgonga, sikukusudia, nasikitika. Muulize jina la mbwa. Usimwambie "amesafiri" wala "utanunuliwa mwingine". Wazazi wakimzika nyuma ya nyumba na wakakuruhusu, shika jembe uchimbe. Watoto hukumbuka nani alichimba.

Niko Uingereza. Huko mambo yakoje?

Sheria yao ya barabarani (Road Traffic Act) ya mwaka 1988, kifungu cha 170, inataja farasi, ng'ombe, punda, nyumbu, kondoo, nguruwe, mbuzi na mbwa: ukimgonga mmojawapo unasimama, na usipotoa taarifa zako palepale unaripoti polisi ndani ya saa 24. Paka hayumo kwenye orodha, jambo linalowaumiza wengi. Simama hata hivyo. Tangu Juni 2024 paka wa kufugwa England lazima awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, kwa hiyo daktari yeyote wa wanyama akiisoma atampata mwenyewe.

Nimletee mtoto wa mbwa mwingine?

Usimpeleke bila kumuuliza, na usimuulize wiki hiyohiyo. Wengine hawataki kuona mbwa mwingine kwa mwaka mzima, wengine wanahitaji mlinzi kesho. Pita baada ya wiki chache kumjulia hali, na akisema anataka, tafuta aliyekwisha kuachishwa maziwa, umpe dawa ya minyoo, na ulipie chanjo ya kichaa akifikisha miezi mitatu. Kadi ya chanjo iandikwe jina la mwenye mbwa, si lako.